Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Kutisha ya Vijana Kuhusu Kisasi Ndani ya Treni

Waandishi chipukizi wanaotaka kuandika riwaya ya kutisha inayotokea ndani ya treni huuliza maswali yaleyale: nani afe kwanza, mlipiza kisasi ajulikane lini, awe mtu au mzimu, na kwa nini abiria wasishuke tu kwenye stesheni inayofuata. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine, na lisipopata jibu kabla ya sura ya kwanza kuandikwa, hakuna damu itakayoiokoa hadithi. Msimamo wangu ni kwamba kisasi ndicho msuko wa riwaya, na treni ni saa inayoupima. Mwandishi anayeanza na treni hupata mandhari ya kuvutia isiyo na sababu, ilhali anayeanza na kosa la zamani hupata hadithi, kisha akagundua kwamba treni inamfanyia nusu ya kazi.

KABLA YA KUANZA

Hakikisha una mambo yafuatayo mezani.

- Daftari moja lililogawanywa sehemu tatu: ratiba ya safari, mchoro wa mabehewa, na orodha ya nani anajua nini katika kila sura. Sehemu ya tatu ndiyo itakayokufaa zaidi ukifika katikati, kwa kuwa riwaya za kisasi huvunjika pale mhusika anapotaja siri ambayo bado hajaambiwa.
- Umri wa msomaji. Msomaji wa miaka 12 na yule wa miaka 17 hawaogopi mambo yaleyale. Kwa kawaida vijana hupenda kusoma kuhusu mtu aliyewazidi umri kidogo, hivyo mhusika mkuu wa miaka 16 au 17 atawafaa wengi.
- Lengo la urefu. Maneno 40,000 hadi 60,000 yanatosha. Kumbuka kwamba Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno 40,000 ya Kiswahili ni hadithi ndefu kuliko idadi hiyo inavyoonekana.
- Aina ya treni na mwaka wa hadithi. Treni ya usiku yenye vyumba vya kulala si sawa na treni ya mwendo kasi, na mwaka 1965 si sawa na leo ambapo kila kijana ana simu mfukoni.
- Mpaka wako wa ukatili, ulioandikwa kwa sentensi moja, ili usiuvuke kwa bahati mbaya usiku wa manane ukiwa umenogewa.

HATUA ZA KAZI

1. Andika kosa la zamani kwa ukamilifu.

Kabla hujamwua mtu yeyote, andika kurasa mbili au tatu zinazoeleza kilichotokea zamani: nani alifanya nini, saa ngapi, na nani aliona. Kurasa hizo hazitaingia katika riwaya kama zilivyo, lakini kila tukio la ndani ya treni litachota humo.

Tuchukue mfano mmoja utakaotufaa hadi mwisho. Wanafunzi sita walimfungia mwenzao ndani ya stoo ya vifaa vya michezo kwa mzaha, kisha wakaenda zao. Mwenzao huyo alikuwa na pumu. Mlango ulipofunguliwa alikuwa amekwisha kufa, na wale sita wakapatana kusema kwamba hawakufika upande ule siku hiyo. Miaka miwili baadaye, wote sita wanapanda treni ya usiku kwenda kwenye mashindano.

Kosa la namna hii linafaa kwa sababu vijana wanaweza kulitenda bila kukusudia kuua, kwa sababu halikuadhibiwa, na zaidi ya yote kwa sababu lina umbo linaloweza kurudi. Umbo hilo ni mlango uliofungwa na mtu anayegonga bila kujibiwa, na ndani ya treni milango iko kila upande. Wahenga walisema kwamba mtenda husahau lakini mtendewa hasahau. Kazi ya sura zako za mwanzo ni kumwonyesha msomaji watu sita waliofanikiwa kusahau.

Tahadhari: Kosa likiwa dogo mno, halitabeba uzito wa vifo, kijana aliyenyimwa mwaliko wa sherehe hawezi kuwa chanzo cha maiti tano. Likiwa la kinyama kupita kiasi, msomaji atashangilia kila pigo, na hofu hutoweka pale msomaji anapoacha kuwahurumia wanaowindwa.

2. Gawa hatia, lakini usiigawe sawasawa.

Kundi lenye hatia moja ya pamoja huchosha haraka. Katika mfano wetu, wa kwanza ndiye aliyebuni mzaha, wa pili akazungusha ufunguo, wa tatu akacheka na kuwahimiza. Wa nne alirudi kuchukua begi, akasikia mtu akigonga, akapita. Wa tano alitunga uongo uliowaokoa wote. Wa sita, ambaye ni mhusika mkuu, hakuwepo mlango ulipofungwa. Alikabidhiwa ufunguo baadaye na akautia mfukoni bila kuuliza ni wa nini, na alipojua akanyamaza.

Je, nani mbaya zaidi? Usilijibu swali hili popote ndani ya riwaya. Msomaji atabishana na nafsi yake, na ubishi huo utamsukuma mbele hata katika kurasa ambazo hakuna anayekimbia. Mpangilio wa mashambulizi nao utokane na mgawanyo huu. Waanzaji wengi humshambulia kwanza yule mchokozi mkuu, na kwa kufanya hivyo huitumia akiba yao yote katika sura ya tano. Ni afadhali kuanza na yule ambaye wenzake wanamwona kuwa na hatia ndogo kuliko wote, kwa sababu waliobaki watalazimika kujiuliza mlipiza kisasi anajua nini wasichokijua wao.

3. Amua mlipiza kisasi ni nani na ana haki kiasi gani.

Kwa riwaya ya kwanza nashauri awe mtu. Mtu ana tiketi, ana kitanda chenye namba, ana mikono miwili tu, na hawezi kuwa katika behewa la tatu na la saba kwa wakati mmoja. Mipaka hiyo ndiyo inayozaa msuko. Ukiamua awe mzimu, mwekee masharti kabla hujaandika sura yoyote. Kwa mfano, hupita tu kwenye mlango uliofungwa na mkono wa mtu aliye hai, na hawezi kumdhuru anayemjibu anapogonga. Mzimu asiye na masharti humfanya msomaji aone kwamba hakuna anachoweza kukitarajia wala kukiepuka, na hapo huacha kujali.

Anaweza kuwa ndugu wa marehemu aliyepanda kwa jina lingine, au mhudumu wa behewa, au mmoja wa wale sita. Chaguo la tatu ndilo gumu na ndilo zuri kuliko yote. Katika mfano wetu ni yule aliyesikia mtu akigonga na kupita. Kwa miaka miwili amekuwa akisikia mlio ule, na badala ya kujishtaki ameamua kuwaadhibu waliomweka katika hali ile. Unafiki huo humfanya aogopwe na kuhurumiwa kwa pamoja, na walau katika ukurasa mmoja msomaji aone kwamba naye angeweza kufika huko.

Mlipiza kisasi akishajulikana kwako, andika usiku mzima kwa macho yake: aliamka wapi, alipita wapi, alificha nini, alikosea wapi. Kisha panda vidokezo vitatu au zaidi kabla ya kufichuka kwake, na kila kimoja kiwe na maelezo mengine ya kawaida. Kijana asiyekubali kulala kitanda kilicho karibu na mlango anaweza kuwa mwoga tu.

4. Chora treni.

Mabehewa manane yanatosha. Behewa la abiria huwa na urefu wa mita 20 hadi 26 hivi. Weka kichwa cha treni mbele, behewa la mizigo, mabehewa ya kulala, behewa la chakula katikati, na mabehewa ya kukaa nyuma. Yape namba, na uandike nani analala wapi. Chumba cha kulala chenye vitanda vinne hakiwatoshi vijana sita, kwa hiyo kundi litagawanyika wanne na wawili bila wewe kutafuta kisingizio chochote.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ndani ya treni kuna njia moja tu, yaani mbele au nyuma. Anayetoka behewa la tatu kwenda la sita ni lazima apite la nne na la tano, na katika ujia mwembamba wa pembeni mwa vyumba watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Mtu aliyeonekana upande mmoja wa behewa la chakula hawezi kutokea upande wa pili bila kupita mbele ya mashahidi. Utumie ukweli huu kumtetea mshukiwa asiye na kosa, na pia kumnasa mwenye kosa.

5. Tengeneza ratiba ya safari.

Safari ya usiku mmoja inatosha. Njia ya reli kutoka Moscow hadi Vladivostok ina kilomita 9,289 na huchukua takriban wiki nzima, lakini wiki ni ndefu mno kwa hofu ya vijana sita. Watalala, watakula, watazoea. Treni iondoke saa 3:00 usiku na ifike saa 12:30 asubuhi.

Weka vituo vitatu, na nafasi kati yao iwe inaongezeka: dakika 40 hadi kituo cha kwanza, dakika 80 hadi cha pili, saa mbili na nusu hadi cha tatu, kisha kipande cha mwisho cha takriban saa tano bila kusimama. Msomaji atahisi njia za kutoka zikipungua bila wewe kumweleza.

Hesabu ya mwendo ni rahisi. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita moja kila dakika. Inayokwenda kilomita 90 kwa saa husafiri mita 25 kila sekunde, yaani karibu urefu wa behewa zima. Handaki la kilomita 6 kwa mwendo huo ni dakika nne za giza. Mtu akisoma kwa sauti kwa mwendo wa maneno 130 kwa dakika, dakika nne ni kama maneno 500, na huo ndio urefu wa tukio lako la handakini ukitaka msomaji apumue pamoja na wahusika. Ukihitaji giza refu zaidi, mahandaki marefu yapo: la Seikan nchini Japani, lililofunguliwa mwaka 1988, lina karibu kilomita 54, na la Gotthard nchini Uswisi, lililoanza kutumika mwaka 2016, lina kilomita 57.

6. Funga njia za kutoka, moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo riwaya nyingi za treni huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Zamani upweke wa abiria ulikuja wenyewe. Tarehe 9 Julai 1864, mfanyakazi wa benki aitwaye Thomas Briggs alishambuliwa ndani ya chumba cha treni mjini London, akatupwa nje, akafa. Vyumba vya wakati ule havikuwa na ujia wa kuviunganisha. Milango ilifunguka nje tu, na treni ikiondoka hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka hadi kituo kinachofuata. Mwaka 1868 sheria ya Uingereza ikataka treni zinazosafiri zaidi ya maili 20, yaani kilomita 32 hivi, bila kusimama ziwe na njia ya abiria kuwasiliana na wafanyakazi wa treni. Hadithi yako ikiwa ya karne ya 19, kazi hii imekwisha kufanywa. Ikiwa ya leo, itakubidi uifanye mwenyewe.

Anza na breki ya dharura, kwa maana ndiyo itakayoulizwa kwanza. Breki za hewa zinazojifunga zenyewe, alizozileta George Westinghouse mwaka 1872, hutumia bomba lenye hewa iliyoshindiliwa linalopita treni nzima. Shinikizo likishuka, breki hujifunga. Kwa hiyo mwovu anayekata bomba hilo huisimamisha treni, haiachii ikimbie, na riwaya inayosema kinyume chake humpoteza msomaji anayejua. Vivyo hivyo dereva akifa, treni nyingi za kisasa zina kifaa kinachomtaka akibonyeze au akishike kila mara, na asipofanya hivyo treni hujisimamisha. Dereva maiti aliyeendesha saa nzima aachwe kabisa.

Mpini wa dharura basi uvutwe, lakini usiwasaidie. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa huhitaji takriban kilomita moja ili isimame, na katika mahandaki marefu treni nyingi humruhusu dereva kuichelewesha breki iliyovutwa na abiria ili isisimame ndani. Wakivuta porini, watajikuta gizani, mbali na kila mtu, pamoja na mlipiza kisasi ambaye sasa anaweza kushuka na kupanda apendavyo. Kuna jambo la kweli la kujifunza hapa: katika ajali ya kituo cha Gare de Lyon mjini Paris tarehe 27 Juni 1988, iliyoua watu 56, mnyororo wa makosa ulianza na abiria aliyevuta mpini wa dharura, kisha vali ikafungwa kimakosa wakati wa kujaribu kuachia breki, na mabehewa mengi yakabaki bila breki. Tendo dogo la mmoja, kosa dogo la mwingine, na mwisho wake maafa. Riwaya ya kisasi hujengwa kwa mantiki hiyohiyo.

Hali ya hewa nayo inakubalika. Mwaka 1929 treni ya Orient Express ilikwama kwenye theluji karibu na Çerkezköy nchini Uturuki kwa siku kadhaa. Iwapo utatumia theluji au mafuriko, yatajwe mapema, kwa mfano katika tangazo la stesheni, yasije yakadondoka sura ya kumi kwa manufaa yako.

Simu zisizime zote dakika moja. Hiyo ni mbinu iliyochakaa. Mtandao upotee mahali unapopotea kweli, yaani handakini na katika maeneo yasiyo na watu. Kufuli lenyewe liwe siri yao. Kwa nini hawampigii mtu simu? Kwa sababu wakieleza kwa nini wanawindwa, itabidi waeleze walichofanya. Kwa nini hawashuki kituo cha pili? Kwa sababu mmoja akishuka peke yake, waliobaki wanaogopa kwamba ataenda kusema. Ukiweza kumfanya kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake, milango ya treni inaweza kubaki wazi hadi mwisho na hakuna atakayetoka.

7. Panga matukio juu ya ratiba.

Tukio la kwanza lisiwe maiti. Liwe ni mtu aliyetoweka karibu na kituo cha kwanza, kwa sababu mtu aliyetoweka kituoni anaweza kudhaniwa ameshuka. Kitanda kitupu, begi lililobaki, na kondakta anayesema kwamba abiria hushuka kila siku bila kuaga: hayo yanatosha kwa robo ya kwanza.

Kufikia nusu ya riwaya wajue kwamba jambo hili linahusu stoo ile. Kitu kimoja kiwaambie, si hotuba. Ufunguo wa zamani ukutwe ndani ya kiatu cha mhusika mkuu.

Robo ya tatu ndiyo moyo wa riwaya. Vijana waliobaki wanamshuku mtu asiye na hatia, labda mhudumu kijana anayewatazama kupita kiasi, na kwa woga wanamfungia ndani ya chumba. Kisha anaanza kugonga. Wanarudia kosa lilelile, kwa mikono ileile, huku wakijiambia kwamba safari hii wana sababu. Ukiliandika tukio hili vizuri, hutahitaji kumweleza msomaji chochote kuhusu hatia. Lipe sura nzima, au hata mbili, na mhusika mkuu ndiye awe karibu zaidi na mlango.

Tahadhari: Usiweke kifo kila baada ya sura mbili kama zamu za kazi. Msomaji akishaijua zamu, atalala katikati yake.

8. Chagua msimulizi.

Nafsi ya kwanza humweka msomaji karibu na hofu, lakini humnyima mashaka kuhusu uhai wa anayesimulia. Nafsi ya tatu inayomfuata mhusika mmoja tu ni chaguo salama. Msimulizi anaruhusiwa kuficha siri ya ufunguo kwa muda, ila si zaidi ya nusu ya kitabu, vinginevyo msomaji ataona kwamba amechezewa. Kisengere nyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, kisizidi ukurasa mmoja, na kiamshwe na kitu kinachoshikika au kusikika, kamwe kisianze kwa mhusika kuketi dirishani na kukumbuka.

9. Andika hofu kwa masikio kwanza.

Ndani ya treni mtu huona kidogo na husikia sana. Kwenye reli za zamani zilizoungwa kwa viungo, magurudumu hugonga kwa mpigo unaorudiwa. Kwenye reli zilizochomelewa, sauti huwa ni uvumi usiokatika. Sauti hubadilika treni inapoingia darajani, inapoingia handakini, na inapopunguza mwendo. Mfundishe msomaji mpigo wa kawaida mapema, kisha uubadilishe. Mlio wa mtu anayegonga mlango unaweza kujificha ndani ya mpigo wa magurudumu kwa kurasa kadhaa kabla mhusika hajagundua kwamba hauendi sambamba na reli.

Dirisha nalo lina tabia yake: taa ikiwaka ndani usiku, kioo humrudishia mtu sura yake na chumba kilicho nyuma yake, taa ikizimwa, nje huonekana. Kwa hiyo mhusika anayetaka kuona nje ni lazima akubali kukaa gizani. Treni ikiingia handakini kwa kasi, masikio huziba. Sehemu ya maungio kati ya mabehewa huwa na kelele nyingi na sakafu inayocheza, na ukelele wa mtu hapo hausikiki hatua chache tu kutoka alipo.

Damu iwe kidogo. Eleza kilichoonekana kabla na baada, na umwachie msomaji katikati.

Tahadhari: Waandishi wengi hupenda aliyekosewa awe alijiua. Kwa wasomaji wa rika hili, usieleze namna alivyofanya, na usikifanye kifo hicho kionekane kuwa njia iliyofanikiwa ya kuwaumiza wengine. Mfano wa stoo nimeuchagua kwa makusudi ili kuepuka mtego huo.

10. Funga hesabu kabla ya stesheni ya mwisho.

Pambano kuu liishe dakika 20 hadi 30 kabla ya kufika, ili ubaki na muda wa matokeo. Usiiangushe treni, ajali humwondolea kila mtu wajibu wa kuamua. Mhusika mkuu awe na chaguo la kweli: kuufungua mlango na kusema yote mbele ya watu, au kuuacha umefungwa na kushuka akiwa huru. Chochote atakachochagua, kiwe na gharama inayoonekana katika sura ya mwisho. Mlipiza kisasi akifa kwa kuteleza tu, umemdhulumu msomaji.

11. Andika rasimu ya pili kwa daftari mkononi.

Pitia kila sura ukilinganisha saa, behewa na siri. Kisha isome kwa sauti, hasa mazungumzo, kwa kuwa vijana wako wataonekana wazee pale wanapozungumza kwa sentensi zilizonyooka mno. Hatimaye mpe msomaji mmoja wa umri unaoulenga, na umwombe aweke alama kila alipoacha kusoma, hata kama aliacha ili akanywe maji.

MATATIZO YA KAWAIDA NA NAMNA YA KUYATATUA

Katikati kumelegea. Mara nyingi sababu ni kwamba mlipiza kisasi hana kazi ya kufanya. Rudi kwenye usiku wake ulioandika katika hatua ya 3, uone alikuwa wapi saa hiyo, na umpe jambo linaloharibika. Mpango unaokwenda sawa hauna taharuki.

Msomaji amemjua mlipiza kisasi mapema. Usiondoe vidokezo, ongeza sababu ya kumwamini. Mhusika anayewatuliza wenzake, au aliyejeruhiwa mbele ya macho yetu, hushukiwa kwa kuchelewa.

Wahusika sita wanafanana. Mpe kila mmoja uongo wake mwenyewe kuhusu siku ile. Mmoja husema hakumbuki, mwingine hukumbuka mno, wa tatu hugeuza mzaha. Tofauti za nywele na mavazi hazitakusaidia.

Abiria wengine wanaonekana hawapo. Treni ya usiku ina watu wengi, na wao ndio chanzo cha aibu inayowazuia vijana kupiga kelele. Weka mtoto asiyelala, mzee anayelalamikia kelele, na kondakta anayehesabu tiketi na kukuta hesabu haitimii. Huyo kondakta atakufaa mara mbili: kama tumaini, na kama tishio.

Hofu haisikiki ingawa matukio ni mabaya. Angalia kama umeieleza badala ya kuiandaa. Futa maneno yote yanayosema kwamba mhusika aliogopa sana, kisha usome tena ukurasa huo. Kama hakuna kilichobaki, tukio halikuwa na kitu cha kuogopwa, na itakubidi urudi kurasa tano nyuma, ambako msomaji alipaswa kuambiwa jambo ambalo mhusika bado halijui.

Riwaya imezidi urefu. Kata safari ya kwenda stesheni. Hadithi inaweza kuanza treni ikiwa tayari inaondoka, na mtu mmoja wa kundi akihesabu wenzake na kupata saba.